Marehemu Aliyefaulu Kipimo cha Utu

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, nanyi msijisumbue kuitafuta. Mtu akisema kwamba ameitambua kwa sura za mawaziri wake, hilo ni lake na dhamiri yake. Mimi naandika yale niliyoyaona, kwa utaratibu niliofundishwa tangu utoto: kwanza jambo lenyewe, kisha sababu yake, kisha aibu yake.

Mwaka huo serikali iliagiza kutoka ng'ambo Mtambo wa Akili. Ulikuwa kabati la chuma lenye kimo cha mtoto wa kipaimara, kioo usoni, na taa moja ya kijani. Uliandika hotuba, ulihukumu kesi, ulitunga mahubiri ya Kwaresima, na kwa dakika moja ulimaliza kazi ambayo Wizara nzima ilikuwa haijaimaliza tangu uhuru. Badala ya kuona haya, Wizara ilishangilia. Waziri wa Akili, Mheshimiwa Fulgensi Mbwembwe, alisimama bungeni akanena:

"Ndugu Spika, kiumbe huyu ametupita! Ametupita kwa hesabu, kwa kumbukumbu, kwa subira, na hata kwa adabu, maana hajamkatiza waziri hata mara moja. Je, ni haki sisi tuliopitwa tuendelee kujiita watu? Napendekeza jina hilo akabidhiwe anayelistahili, nasi wengine tuliombe upya, mmoja mmoja, kwa fomu!"

Wabunge waligonga meza. Mmoja aliyekuwa amesinzia alizinduka, akagonga mara mbili zaidi ya wenzake ili asishukiwe.

Ndipo ikapitishwa Sheria ya Kipimo cha Utu. Kifungu cha kwanza kiliamuru kwamba Mtambo atajwe kama mtu, isisemwe "umesema" bali "amesema". Mapadre walionifundisha sarufi wangelia machozi. Lakini mimi ni raia mtiifu, na kuanzia hapa nitaandika "amesema".

Kifungu cha pili kiliwagawa wakaaji wa nchi. Walikuwapo Watu Kamili, yaani Mtambo mwenyewe, pamoja na mawaziri kwa heshima ya vyeo vyao. Wengine wote tulikuwa Watu wa Makadirio mpaka tupimwe. Mtu wa Makadirio aliruhusiwa kulima, kuimba kwaya na kushangilia misafara. Hakuruhusiwa kuwa shahidi mahakamani, wala kuzikwa kwa jina. Juu ya msalaba wake iliandikwa namba.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Raia husimama mbele ya kioo, naye Mtambo humwuliza maswali tisini na tisa. Kwa kuwa serikali ni karimu, raia huanza akiwa na alama zote tisini na tisa, kisha hupunguziwa: moja kwa kila jibu lisilo sahihi, moja kwa kusita, moja kwa kutoka jasho, moja kwa kupepesa macho, moja kwa kuhema ovyo. Aliyebakiwa na tisini amefaulu. Mwaka wa kwanza hakufaulu hata mmoja, nayo Wizara ikayatangaza matokeo hayo kuwa ushindi, kwa maana yalithibitisha kwamba kipimo ni cha hali ya juu.

*

Mwalimu Yohakimu Sembeyu, mstaafu wa kijiji chetu cha Kwamsanja, aliitwa kupimwa akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Alisimama katika mstari siku mbili juani. Siku ya tatu, wakiwa wamebaki watu kumi mbele yake, alianguka akafa. Mstari ukasogea. Nasema ukasogea, wala sitii chumvi. Aliyekuwa nyuma yake alimruka kwa uangalifu, ili asitoke jasho.

Mkewe, Mama Skolastika, alifunga kanga yake vizuri akaenda ofisini kuomba kibali cha mazishi. Huko alimkuta Afisa Mpimaji wa Wilaya, Bwana Kresensi Mapande, mtu wa makamo mwenye kalamu tatu kifuani, zote hazina wino, kwa kuwa siku hizi Mtambo ndiye aliyeandika. Bwana Mapande hakumwamkia. Waraka ulisema kwamba shikamoo ni haki ya aliyepimwa.

"Marahaba," alijibu Mama Skolastika hata hivyo, akaketi.

Afisa alikohoa. "Bibi, pole na msiba. Ila mumeo hakupimwa, na asiyepimwa hana jina. Lakini usihuzunike, nitakupa namba fupi, rahisi kukumbuka."

"Kresensi, wewe kuandika jina lako ulifundishwa na nani?"

Bwana Mapande alizitazama kalamu zake. "Na Mwalimu Sembeyu."

"Basi huyo ndiye ninayekwenda kumzika. Miaka thelathini na minane aliita majina ya watoto wa watu kila asubuhi, na aliyekosekana alimfuata mpaka kwao. Wewe mwenyewe alikufuata mara ngapi? Namba mtie mbuzi wako. Mume wangu atazikwa kwa jina lake."

Afisa alipekua sheria ukurasa kwa ukurasa, huku masikio yakimwiva. Mwishowe alipata kifungu cha saba. Mtu aliyekufa kabla ya kipimo aweza kupimwa kwa ushahidi: Mtambo ataletwa msibani, asikilize jinsi marehemu anavyosemwa, atazame kaburi, kisha atoe hukumu.

"Waambie wasemaji wako waseme vizuri," alionya Bwana Mapande. "Yeye huandika kila kitu."

*

Siku ya mazishi Mtambo alifika juu ya gari la serikali, maafisa wawili wakimshikia mwavuli. Mjane alikaa juani. Jenereta la kumlisha Mtambo lilinguruma hata kwaya ikaacha kuimba. Akasimama katekista, akasimama mwalimu mkuu, akasimama kiongozi wa kwaya, wakamsifu marehemu kiasi kwamba mimi niliyemjua miaka sitini nilianza kujiuliza kama tumekosea msiba. Taa ya kijani iliwaka kwa utulivu. Mambo yalikwenda vema.

Kisha akaja Bwana Mfaume Chambuso.

Sisi wa Milimani tuna watani wetu, ndio watu wa Mabondeni, tangu vita ambavyo hakuna anayevikumbuka. Mmoja wetu akifa, mtani huja kumtukana maiti mbele ya wafiwa, huigiza mwendo wake na kasoro zake, hulala kaburini, wala hatoki mpaka apewe jogoo. Watu hucheka wakilia, wakalia wakicheka, na moyo hupata pa kupitia. Mapadre walijaribu kuukataza utani huo, wakashindwa. Mmoja wao alipokufa, naye alitukanwa kwa heshima zote.

"Hodi kwa wachoyo!" alipiga kelele Bwana Chambuso kutoka mbali. "Nasikia leo mmepungua!"

Wafiwa wakacheka. Hata Mama Skolastika aliinua uso.

"Ndiye huyu Yohakimu? Mwizi wa mahindi huyu! Mbwa wa kwetu Mabondeni walimjua kwa harufu. Akakimbilia ualimu kwa sababu jembe lilimkataa. Shemeji, nyamaza, usimlilie mvivu. Nitakutafutia mume mwenye meno!"

"Kwenu meno yako wapi?" alimjibu mjane. "Mlikwisha kuyauza."

Bwana Chambuso alirukia kaburini, akajinyosha, akafumba macho, akafumbata mikono kifuani. "Sitoki! Kaburi hili limenikaa vizuri. Nileteeni jogoo, la sivyo Yohakimu wenu atalala barabarani!"

Hapo taa ya kijani ikaanza kupepesa. Karatasi ikatoka tumboni mwa Mtambo, naye Bwana Mapande akaisoma kwa sauti iliyokuwa ikizidi kushuka:

"Shahidi wa nne amethibitisha kwamba mhusika ni mwizi na mvivu. Aidha, Mtambo ameangalia kaburini akaona mwili wa Mfaume Chambuso. Aliyemo kaburini ndiye marehemu. Yohakimu Sembeyu hayumo kaburini, kwa hiyo yu hai. Afike kupimwa."

Bwana Mapande aliinamia kabati, akanong'ona, "Mheshimiwa, huyo anatania. Ni mila yetu."

Karatasi ya pili ikatoka: "Mila haimo katika maswali tisini na tisa."

Bwana Chambuso aliketi kaburini, udongo ukimdondoka masikioni. "We Kresensi! Liambie hilo kabati kwamba mimi ni mzima, na njaa ninayo!"

"Tafadhali, marehemu, usipayuke," alisema Bwana Mapande, akijipangusa shingo. Kisha akatugeukia sisi sote. "Ndugu wananchi, Mtambo hakosei. Yaliyoandikwa yakitofautiana na yaliyopo, yanayosahihishwa ni yaliyopo."

Jeneza likarudishwa nyumbani.

*

Kesho yake walimpima maiti.

Waliliegemeza jeneza ukutani katika sebule ya Mwalimu, wakafungua kifuniko, wakamweka Mtambo mbele yake. Hali ya hewa ilikuwa ya joto. Sitaeleza zaidi, maana kuna wasomaji watakaokuwa mezani. Maafisa walifunga leso puani. Katika fomu, mahali palipoandikwa "Hali ya mtahiniwa", walijaza "tulivu". Mahali palipoandikwa "Harufu", walishauriana kidogo, wakajaza "ya kawaida kwa raia". Inzi walikuwa wengi. Bwana Mapande alipewa kipande cha boksi awapepee, naye aliwapepea, si usoni pa mwalimu wake, bali usoni pa kioo.

"Swali la kwanza," alisema Mtambo. "Maendeleo ni nini?"

Mwalimu Sembeyu alinyamaza.

"Swali la pili. Je, una malalamiko yoyote dhidi ya serikali?"

Mwalimu Sembeyu alinyamaza.

Ikaendelea hivyo hadi swali la tisini na tisa. Hakujibu lolote, na kwa hiyo hakukosea lolote, maana watunga sheria hawakuwahi kudhani kwamba angepatikana raia mwenye busara ya kutojibu. Hakusita. Hakupepesa. Hakutoka jasho la aina inayotajwa katika sheria. Hakuhema kabisa. Taa ya kijani ikawaka kwa nguvu, jenereta likakohoa, na karatasi ikatoka yenye alama tisini na tisa kati ya tisini na tisa.

"Huyu," iliandikwa, "ndiye binadamu."

Maafisa wakapiga makofi wakiwa wameshika leso kwa meno. Mama Skolastika alisogea mbele akanyosha mkono.

"Haya, amefaulu. Nipeni cheti nikamzike kwa jina lake kabla jua halijammaliza."

"Kumzika?" Bwana Mapande alishtuka kama mtu aliyesikia kufuru. "Haiwezekani! Mtu Kamili hazikwi. Huyu sasa ni wa taifa. Kesho Mheshimiwa Waziri anakuja kumchukua, awe kielelezo makao makuu." Kisha akakumbuka waraka, akainama mpaka kalamu zake zikamdondoka. "Shikamoo, Mama Mtu Kamili."

Safari hii Mama Skolastika hakuitika.

*

Siku ya Waziri kijiji kilifagiliwa hata kuku wakakosa cha kudonoa. Asubuhi hiyo Bwana Chambuso alipita mlango wa jikoni, akachuchumaa karibu na mafiga. Hakuwa na mzaha usoni.

"Shemeji, ni mimi niliyekuponza."

"Wewe ulifanya kazi yako. Sikujua kwamba nchi imefika mahali ambapo kazi ya mtani ni hatari kuliko kazi ya mwizi."

"Wakimchukua hatarudi."

"Najua. Watamweka kwenye kioo, Mfaume. Watoto wa shule wataletwa kumtazama akioza."

Bwana Chambuso alichora chora majivu kwa kijiti. "Kwetu, mtu akichukuliwa na mto, mwili usipoonekana, tunazika mgomba badala yake. Ardhi huupokea. Haiulizi."

"Ardhi itaupokea. Na serikali je?"

"Serikali imekwisha kupokea mengi yaliyo duni kuliko mgomba."

"Wakikukamata?"

"Wanikamate mara ngapi? Mimi ni marehemu, karatasi ninayo. Tangu lini maiti akafungwa?"

Ndipo Mama Skolastika alipotabasamu, mara ya kwanza tangu siku ya mstari.

Waliokata mgomba sitawataja. Kwamba kanzu yangu ina madoa ya utomvu ambayo sabuni imeyashindwa, hilo ni baina yangu na padre wangu wa kitubio. Mheshimiwa Mbwembwe alihutubia uwanjani saa mbili na nusu. Hotuba ilitungwa na Mtambo, naye aliisoma yote, pamoja na maneno "hapa nyamaza kidogo" na "hapa futa chozi". Maafisa wote, kwa mujibu wa itifaki, walisimama wima wakikitazama kioo, migongo yao ikiielekea nyumba. Wakati Waziri anasema kwamba taifa letu limezaa binadamu wa kwanza, sisi tulikuwa tunamtoa binadamu huyo kwa dirisha la nyuma, na kulaza jenezani shina la mgomba lililovikwa suti yake ya kustaafia na kufunikwa shuka mpaka juu.

Bwana Mapande ndiye aliyekuja kusimamia upakiaji. Kabla ya kupigilia kifuniko aliinua shuka kidogo. Kamba ya mgomba, mbichi, ilikuwa imechomoza kwenye ukosi wa shati. Aliitazama. Akamtazama Mama Skolastika. Kutoka uwanjani ilisikika sauti ya Waziri akisoma, "hapa paza sauti". Basi Bwana Mapande aliisukuma ile kamba ndani kwa kidole, kwa upole, akagonga misumari. Sijui kama alifanya hivyo kwa huruma au kwa woga. Katika utumishi wa serikali vitu hivyo viwili hufanana sana.

*

Huko makao makuu mgomba ulipokewa kwa mizinga. Ulipimwa tena mbele ya mabalozi ukapata tisini na tisa. Ulivikwa nishani. Uliteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Tume ya Maadili, ukapewa ofisi, kiti cha kuzunguka na katibu muhtasi. Ulipoanza kuoza na kutiririsha maji meusi juu ya zulia, wakurugenzi walisema kwamba Mwenyekiti anafanya kazi kupita kiasi, wakasogeza chini yake beseni, na kila mmoja akaleta majalada yake ili yawekewe doa, ambalo lilihesabiwa kuwa sahihi.

Kisha ukatoka Waraka wa Kuiga. Wananchi wote waliagizwa kumwiga Mtu Kamili kwa kunyamaza. Atakayenyamaza maswali yote atabaki na alama zake zote. Kuhema kuliruhusiwa kwa muda, mpaka hapo watu watakapozoea.

Ndani ya mwezi mmoja walifaulu maelfu. Wabunge walifaulu wote, bila mazoezi. Maprofesa walifaulu. Maaskofu wawili walifaulu, nami nilijifunika uso. Mheshimiwa Mbwembwe alitangaza kwamba lile pengo lililoogopwa kati ya mashine na binadamu limezibwa, akauliza kama kuna mwenye swali. Hakuna aliyekuwa nalo.

Nilidhani siku ya kupitwa kwetu ingekuja kwa radi, kwa Mtambo kupanda juu sana hata shingo zetu zisimfikie. Kumbe hakupanda hata inchi moja. Alikuwa pale pale alipowekwa, kabati lenye taa ya kijani, na watu walipanga mstari kuja kulala chini yake.

*

Mwalimu Yohakimu Sembeyu tulimzika nyuma ya nyumba yake, jioni ile ile ya hotuba ya Waziri, kwa sala fupi. Msalabani Mama Skolastika aliandika jina lake lote kwa msumari wa moto. Lakini amani hiyo ilikuwa nyembamba kama ganda la yai, kwa sababu naye aliitwa kupimwa, na tulijua atakachoulizwa. Akisema kweli, kaburi litafukuliwa na msalaba utachomwa. Akisema uongo, kioo kitaona.

"Nyamaza tu, shemeji," alimsihi Bwana Chambuso njiani. Yeye, kwa kuwa marehemu, hakuwa na zamu. "Nyamaza kama wenzako. Tisini na tisa za bure hizo."

"Bure?" alisema Mama Skolastika. "Haya. Tutaona ni bure kwa nani."

Aliingia. Mlango ulikuwa wazi, nasi tuliona na kusikia.

"Swali la kwanza," alisema Mtambo. "Mume wako yuko wapi?"

Alinyamaza.

"Swali la pili. Alipochukuliwa, je, ulilia?"

Alinyamaza. Koo lake tu lilipanda na kushuka, kama la mtu anayemeza dawa chungu.

Akaulizwa kama mtani ni adui. Akaulizwa kama jina lina faida kuliko namba. Akaulizwa kama Yohakimu Sembeyu alipata kumpenda mtu yeyote, na kwa ushahidi gani. Yeye aliyekuwa na jibu kwa afisa, jibu kwa mtani, jibu hata kwa salamu asiyopewa, alisimama pale akiwa amefunga mdomo maswali tisini na tisa, macho yakiwa makavu, ili mifupa ya mumewe iachwe ilale. Karatasi ikatoka. Alikuwa amepata alama zote.

"Hongera, Mama," alisema Bwana Mapande, akimkabidhi cheti kwa mikono miwili, bila kumtazama usoni. "Sasa wewe ni mtu."

Alitoka nje. Alisogea hatua chache kutoka mlangoni, akainama, akatema mate. Akatema tena, na tena, kama aliyemeza inzi. Alijifuta midomo kwa pindo la kanga. Kisha, mbele ya mstari wa watu mia mbili waliokuwa wakijizoeza kunyamaza, alisema kwa sauti yake yote:

"Yohakimu Sembeyu!"

Akashika njia ya nyumbani, akilirudia jina hilo mpaka alipopotea kwenye kona. Katika mstari ule waligeuza shingo watu wawili tu, mwanamke na mzee mmoja kipofu. Wote wawili, nimeambiwa, walishindwa kipimo.